Wakimbiaji Tunao, Msimu Hatuna

Yapo maneno ambayo watu huyasema kwa nia ya kusifu, kumbe yanatukana. Mojawapo ni lile linalosemwa kila anapotajwa mwanariadha wetu aliyeshinda ugenini, kwamba mbio zimo katika damu yake. Mwezi Septemba mwaka 2025, Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, kule Tokyo, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde baada ya kilomita 42 na ushei, neno hilo liliamka upya. Husemwa barazani, husemwa safarini, na lililo baya zaidi, husemwa darasani na mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Kijana wa Mbulu au wa Singida, wasema, hukimbia kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Kijana wa Kilwa hakimbii kwa sababu alizaliwa mnazini. Basi hapo kazi imekwisha. Aliyezaliwa nazo atakimbia, asiyezaliwa nazo na aende zake, na Mkuu wa Shule hana lawama yoyote juu ya kiwanja kilichoota magugu hadi magotini.

Sisi tunaotunga mashairi tumeusikia usemi wa namna hii tangu ujana wetu. Huambiwa kwamba mtu wa Tanga au wa Lamu huzaliwa na shairi mdomoni. Anayesema hivyo hajapata kumwona malenga kijana akihesabu mizani kwa vidole usiku, akiuvunja ubeti mmoja mara tano kwa ajili ya kina cha kati kilichokataa kukaa, kisha asubuhi akaupeleka kwa mzee ambaye hakumwambia "vizuri" bali alimwambia "rudia". Hicho kinachoitwa damu ni miaka ya kukosolewa na waliotangulia. Na anayekiita damu humnyang'anya malenga kazi yake, akampa badala yake bahati.

Tunakusudia kusema hapa kwamba riadha ya nchi yetu haijapungukiwa damu, wala milima, wala vipaji. Imepungukiwa msimu. Na kwa kuwa madai matupu hayamfai mwalimu wala mwanafunzi, tutatoa mfano mmoja na kuufuata kwa urefu, mfano wa timu ya chuo kimoja cha ng'ambo ambayo ndani yake walikuwamo ndugu zetu.

Mji wa El Paso uko magharibi kabisa mwa jimbo la Texas nchini Marekani, katika nchi ya jangwa, ukitazamana na mji wa Ciudad Juárez wa Mexico ng'ambo ya mto Rio Grande. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko hapo kina ajabu yake: majengo yake yamejengwa kwa mtindo wa Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya, yakiwa na kuta nene zilizolalia ndani na mapaa mapana yaliyotokeza nje. Mwafrika aliyeshuka pale mwishoni mwa miaka ya 1970 hatumlaumu iwapo alijiuliza ameletwa nchi gani. Mji huo umeinuka kiasi cha mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Viktoria limeinuka kiasi cha mita 1,134. Tunawaomba wapenzi wa hadithi ya damu na milima waziweke tarakimu hizi mbili pamoja, kwani Suleiman Nyambui, aliyekuja kuwa fahari ya chuo kile, alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, mkoani Mara, nchi ya ufuko wa ziwa, penye mitumbwi na nyavu. Alitoka ziwani akaenda jangwani, na hewa aliyoivuta kule haikuwa nyepesi kuliko ile ya kwao. Hatusemi kwamba Texas ndiyo iliyomuumba; alipoondoka nyumbani alikuwa mkimbiaji tayari. Twasema kwamba huko alikuta kalenda.

Kalenda hiyo ni hii. Mwaka wa riadha wa vyuo vya Marekani umegawanyika katika vipindi vitatu. Kwanza huja mbio za nyika, zinazoanza pamoja na masomo baada ya likizo ya kiangazi na kuishia mwezi Novemba kwa mashindano ya taifa ya NCAA, yaani chama cha michezo cha vyuo vya nchi hiyo. Kisha, baridi ikikaza, riadha huingia ukumbini, ambamo njia ni fupi na kona ni kali, na kilele chake ni mwezi Machi. Halafu huja riadha ya uwanjani, inayokamilika mwezi Juni. Katikati ya vilele hivyo vitatu yapo mashindano madogo madogo, chuo na chuo, jimbo na jimbo, juma kwa juma. Mwanafunzi aliyeshindwa Jumamosi hii anajua kwamba Jumamosi fulani ijayo atasimama tena mstarini pamoja na yuleyule aliyemshinda. Msimu huo haungoji waraka, wala kuja kwa mgeni rasmi.

Tuutazame msimu mmoja tu, ule ulioanza mwaka 1981 na kumalizika mwaka 1982.

Mwezi Novemba timu ya El Paso ilikwenda Wichita, jimboni Kansas, kwa mbio za nyika za taifa. Msomaji asiyezijua kanuni za mbio hizo na azijue, kwa maana zina hekima ndani yake. Kila chuo hupeleka wakimbiaji saba. Nafasi walizoshika watano wa mbele hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Kwa hiyo jumla iliyo ndogo kuliko zote ni 15, yaani chuo kimoja kushika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano; pungufu ya hapo haiwezekani. Siku ile El Paso walipata 17. Haijapata kuonekana jumla ndogo kama hiyo katika mashindano hayo. Aliyekuwa wa kwanza ni mwanafunzi wa chuo hicho, Mathews Motshwarateu, Mwafrika wa Afrika Kusini ambaye nchi yake ilikuwa imefungiwa nje ya michezo ya dunia kwa sababu ya ubaguzi wa serikali iliyomkandamiza yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia mshindi wa mbio hizohizo alikuwa Nyambui.

Lakini sisi hatutaki kumsifu wa kwanza. Tunataka wanafunzi wamtazame wa tano. Katika kanuni ile, mtu wa kwanza akishinda kwa umbali wa nusu maili haipatii timu yake hata alama moja zaidi ya aliyoshinda kwa pua. Lakini mtu wa tano akichoka na kupitwa na watu kumi, timu nzima imeangamia. Ndiyo kusema kwamba kocha mwenye akili hutumia jasho lake jingi kwa wa tano, wa sita na wa saba. Hapo ndipo hadithi ya damu inapovunjika mguu. Damu, kama ipo, huenda ikakupa bingwa mmoja katika kizazi. Haikupi mtu wa tano. Huyo hutengenezwa kwa kazi ya kila siku, na ndiye tusiyekuwa naye.

Mwezi Machi mwaka 1982 chuo hicho kilitwaa ubingwa wa ukumbini. Mwezi Juni kikaenda Provo, jimboni Utah, kikatwaa na ubingwa wa uwanjani, Nyambui akishinda mbio za mita 10,000 za vyuo kwa mwaka wa nne mfululizo, tangu 1979. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja wa masomo walishinda nyika, ukumbi na uwanja. Na huo ulikuwa mwaka wao wa tatu mfululizo kufanya hivyo. Tukumbuke kwamba wanaume wale walikuwa wanafunzi, wenye vitabu na mitihani, wala kanuni za vyuo hazikumruhusu kukimbia aliyeacha masomo.

Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Brisbane, Australia. Katika mita 10,000 wa kwanza alikuwa Mtanzania Gidamis Shahanga, na wa pili, nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde, alikuwa Mtanzania Zakariah Barie. Wote wawili walikuwa wanariadha wa El Paso. Bendera iliyopanda ilikuwa yetu, na tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Walakini ukweli lazima usemwe: siku ile tulivuna shamba ambalo jembe lake lilikuwa la wengine.

Sasa tuitazame orodha yetu fupi ya ushindi mkubwa, tuone imetoka wapi. Mpaka leo Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyingine ni ya Nyambui katika mita 5,000. Bayi, ambaye mwaka 1974 aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, alikuwa askari. Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Texas. Juma Ikangaa, aliyepata fedha ya marathoni hukohuko Brisbane na kushinda New York mwaka 1989, alikuwa askari. Simbu ni askari. Msomaji ataona basi kwamba wakimbiaji wetu wametoka zaidi katika milango miwili, jeshini na vyuoni ng'ambo, na milango hiyo inafanana kwa jambo moja: ndani yake mtu huamshwa asubuhi kwa ratiba, na ratiba ya kesho inajulikana leo. Mlango wa tatu, ambao ndio mkubwa kuliko yote, ambao kila mtoto wa nchi hii huupitia, ni shule. Huo tumeufunga kwa komeo, kisha tumekaa nje tunasifu damu.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba tunawaimbia Wamarekani, na kwamba mchezo wa vyuo vyao ni biashara inayomtumia kijana na kumtupa. Huyu hatumpingi kwa yote. Chuo kilekile cha El Paso, mwezi Aprili mwaka 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Dokta Martin Luther King, kiliwanyima ufadhili wanariadha wake weusi kwa kuwa waligoma kushindana na Chuo Kikuu cha Brigham Young, chuo cha kanisa la Mormoni, ambalo zama hizo lilikuwa haliwapi watu weusi ukuhani. Miongoni mwao alikuwamo Bob Beamon, ambaye mwezi Oktoba mwaka huohuo aliruka mita 8.90 mjini Mexico na kuishangaza dunia. Na Chuo cha Brigham Young kiko wapi? Kiko Provo, palepale ambapo mwaka 1982 Waafrika wa El Paso walikwenda kukusanya alama. Hatudhani kwamba ndugu zetu walikosea kukimbia pale. Kufikia hapo kanisa lile lilikuwa limekwisha kuibadili amri yake, mwaka 1978. Twasema tu kwamba tunalijua shimo lililo kando ya njia. Yupo pia Henry Rono wa Kenya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81, kisha ulevi na ufukara vikamwandama huko ugenini kwa miaka mingi, kama alivyosimulia mwenyewe kabla ya kufariki mwaka 2024. Msimu una nguvu, na mwenye msimu ndiye mwenye kuamua mkimbiaji ni mtu au ni punda. Kwa sababu hiyohiyo tunataka msimu uwe wetu.

Na katika hili nchi yetu haikuanza jana. Mwaka 1976 Tanzania ilikataa kupeleka timu Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa New Zealand iliyocheza raga na makaburu iliruhusiwa kushiriki. Bayi alikuwa katika ubora wake. Dunia nzima ilikuwa ikingoja apambane na John Walker wa New Zealand. Taifa lililokubali kuipoteza mbio ile kwa ajili ya utu haliwezi kuambiwa kwamba halijui kuitenganisha riadha na utumwa.

Wa pili atatuletea John Stephen Akhwari. Siku mbili baada ya mruko wa Beamon, mjini humohumo Mexico, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, usiku umekwisha kuingia. Hatuna neno ila heshima kwa mzee yule. Lakini tumeifanyaje hadithi yake? Tumeifanya mto wa kulalia. Kila tunaposhindwa tunasema, walau tumemaliza. Ni wanafunzi wangapi walioambiwa kwamba mtu huyohuyo mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, kwa muda wa saa 2 na dakika 15? Tunamkumbuka alipoumia, tukamsahau alipokuwa mzima. Taifa linalopenda bendeji kuliko mguu lina jambo la kujiuliza.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye nguvu ofisini, atasema kwamba michezo hula muda wa masomo. Huyu ndiye aliyesikilizwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya shule yakasimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa. Hajatuonyesha hata siku moja kwamba katika miaka ile ya ukimya watoto walifaulu zaidi kwa sababu hawakukimbia. Katika falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 mwanafunzi alitazamwa kama mtu mzima mwenye mikono, akili na jamii; wala si kwa sadfa kwamba mwaka huohuo liliundwa kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa. Anayemfungia mtoto darasani toka alfajiri hadi magharibi akidhani anamwongezea elimu, anamwongezea usingizi.

Tuseme ukweli kuhusu UMITASHUMTA na UMISSETA. Tunaipenda michezo hiyo. Lakini ni sherehe, na sherehe huja mara moja kwa mwaka. Majuma machache kabla, mtoto aliyeonekana akimfukuza mbuzi huitwa, hupewa jezi ya kuazima, hupelekwa kambini, hukimbia wilayani, pengine mkoani, pengine taifani; kisha hurudi kijijini, na asiyefika mbali hakimbii tena mpaka mwaka ujao. Mkulima gani hupanda siku moja na kuvuna siku inayofuata? Wazee wetu waliishi kwa misimu. Mvuvi alijua kaskazi na kusi, mkulima alijua vuli na masika, na hata ngoma za jando zilikuwa na wakati wake, mafunzo yake na makungwi wake. Kwa hiyo anayesema kwamba msimu wa riadha ni utamaduni wa kigeni ameusahau utamaduni wake mwenyewe.

Na wasichana je? Katika vyuo vya Marekani, mashindano ya uwanjani ya NCAA yalifunguliwa kwa wanawake mwaka 1982 tu, palepale Provo. Sisi tulikuwa tumewatangulia: mwaka 1965 mjini Brazzaville, katika Michezo ya Afrika, Theresia Dismas alitupatia medali ya fedha ya kurusha mkuki. Ni shule ngapi za wasichana leo zenye mkuki mmoja?

Tunachokiomba hakihitaji fedha za Texas. Shule nne au tano za sekondari zilizo jirani, zinazofikika kwa miguu au kwa lori moja, zikubaliane Jumamosi sita kati ya Februari na Mei. Mbili ziwe za nyika, wakati wa masika, kwa kanuni ile ya watu saba na hesabu ya watano, ili kila shule ianze kumtafuta mtu wake wa tano. Nne ziwe za uwanjani. Matokeo yaandikwe katika daftari moja, kwa jina na kwa muda, na daftari likae ofisini hata mwalimu aliyelianzisha akihamishwa. Vyuo vya ualimu vifanye vivyo hivyo, na yafaa vianze vyenyewe, kwa maana mwalimu ambaye hajapata kukimbia msimu mzima hawezi kuuendesha.

Na kwa wale watakaosema kwamba hawana kiwanja, tunawapa kazi ya hesabu ya Kidato cha Pili. Kiwanja cha mita 400 kina sehemu mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Mstari wa mkimbiaji hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo wa ndani, kwa hiyo nusu kipenyo cha kukimbilia ni mita 36.8. Wanafunzi na wazidishe wenyewe kwa pai, wajumlishe, waone kama haitatoka 400. Kisha mwalimu achukue kamba, achomeke mambo katikati ya kona, amkabidhi mtoto mmoja ncha ya kamba na mwingine debe la chokaa, nao wazunguke. Kazi hiyo yaweza kumalizika Jumamosi moja, kabla ya jua kuwa kali, ikiwa magugu yalifyekwa Ijumaa.